Ahadi ya milioni 50 kila kijiji: tuipime vipi rekodi ya Hayati Magufuli?

Msomaji wa Ilani

Wakuu, salaam. Ubishi kuhusu Hayati Magufuli haujawahi kupoa, na mara nyingi unageuka matusi kabla mtu hajaweka tarakimu hata moja mezani. Naomba tuchukue ahadi moja tuifuate mpaka mwisho wake: milioni 50 kwa kila kijiji na mtaa, iliyonadiwa kwenye kampeni za 2015 kama mfuko wa mzunguko wa kuwakopesha wanawake na vijana kupitia SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na vikundi. Kuna wanaosema ilivunjwa mchana kweupe. Wengine wanasema haikuvunjwa, fedha zilielekezwa kwenye mambo makubwa zaidi, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ikachukua nafasi yake. Nani ana hoja? Na mtu akitaka kuhakiki mwenyewe, aanzie karatasi gani?

Bajeti Mezani

Mkuu, anza na kuzidisha. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000. Chukua 16,000 mara milioni 50, unapata shilingi bilioni 800. Ukizigawa kwa miaka mitano ni bilioni 160 kila mwaka. Bajeti ya 2016/17, ambayo yote ilikuwa shilingi trilioni 29.5, ilitenga bilioni 59.5 kwa ahadi hii. Hiyo inatosha vijiji 1,190. Kwa mwendo huo, hata kama kila senti ingetolewa kwa wakati, ingechukua zaidi ya miaka 13 kuwafikia wote, wakati muhula ni miaka mitano. Kwa hiyo ahadi ilikuwa imeshakwama kwenye kitabu cha bajeti, kabla hatujafika kwenye utekelezaji.

Halafu kutenga si kutoa. Bunge linapitisha makadirio, lakini fedha hutoka Hazina kadiri makusanyo yanavyoingia, na mishahara na deni la taifa hulipwa kwanza. Fungu la maendeleo ndilo hubaki likisubiri. Wabunge waliuliza kuhusu milioni 50 kikao baada ya kikao, na jibu likawa kwamba Serikali inaandaa utaratibu ili fedha zisipotee. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 2006 yalitolewa "mabilioni ya JK" (Rais Jakaya Kikwete), shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, na marejesho yakasumbua sana. Lakini utaratibu wa mkopo wa kikundi si kitu cha kuandaa miaka mitano. Mgawo kwa vijiji haukufanyika.

Reli ya Kati

Ndugu Bajeti Mezani, hesabu yako naikubali, hitimisho lako silikubali. Kiongozi anapimwa kwa alichofanya na fedha, si kwa fungu moja ambalo halikutoka. Mkataba wa Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme ulisainiwa Desemba 2018: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Thamani yake ilikuwa shilingi trilioni 6.5, na wakopeshaji wengi wa nje hawakutaka kuugusa kwa sababu ya pori la Selous. SGR (reli ya kisasa) ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 300, yaani 205 za njia kuu na 95 za njia za kupishania na stesheni. Vituo vya afya vilipewa shilingi milioni 400 hadi 500 kila kimoja, vikajengwa kwa force akaunti. Mafundi walitoka palepale, kamati ya wananchi ikasimamia manunuzi, na jengo likasimama kwa fedha ambazo mkandarasi mkubwa angezimaliza kwenye msingi tu.

Milioni 50 ukiigawa kwa vikundi kumi vya kijiji ni milioni tano kwa kikundi. Ikiliwa, imekwisha. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinabaki, na mama mwenye uchungu pingamizi hasafirishwi tena kilomita 80. Mimi ningefanya uamuzi uleule.

Na Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la uchumi wa kati wa chini: pato kwa kila mtu dola 1,080, wakati kizingiti kilikuwa 1,036. Dira ya 2025 ilikuwa imepanga tufike 2025.

Bajeti Mezani

Mkuu, kama uamuzi ulikuwa huo, ulipaswa kusemwa bungeni kwa maandishi: fungu hili tunalifuta, fedha zinakwenda kule. Mpiga kura angejua. Na tuwe wakweli kwa ratiba. Jiwe la msingi la SGR liliwekwa Aprili 2017 kwa mkataba wa miezi 30, na treni ya kwanza ya abiria ya biashara ikaondoka Juni 14, 2024. Bwawa lilikuwa likamilike Juni 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024. Miradi ni ya kweli na ina faida, silipingi hilo. Lakini katika uhai wa Magufuli hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliompa mwananchi umeme au tiketi, na wakati huohuo mtaani vyuma vilikuwa vimekaza, fedha hazionekani. Dola 1,080 ni wastani wa taifa. Haumwambii mtu mwenye genge kama mtaji wake umekua.

Halmashauri Kwanza

Naomba nigusie ile asilimia 10, maana hapo ndipo watu wengi wanapotoshwa bila kujua.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018, ikaongezwa kifungu cha 37A: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Hili ni jambo jema na lazima lihesabiwe kwenye rekodi yake, kwa sababu kabla ya hapo lilikuwa agizo tu na wakurugenzi walikuwa wanalikwepa.

Lakini kusema limechukua nafasi ya milioni 50 si sahihi. Chukua halmashauri ya vijijini yenye mapato ya ndani ya shilingi bilioni moja na vijiji 60. Asilimia 10 ni milioni 100. Gawa kwa 60: milioni 1.67 kwa kijiji kwa mwaka. Ili wafikishe milioni 50 kila kijiji wanahitaji miaka 30. Halmashauri ya mjini yenye bilioni 30 inatoa bilioni tatu. Maana yake mfuko huu unawapa zaidi wenye nacho, wakati ahadi ya 2015 ilikuwa inatoa kiasi sawa kwa kijiji cha pembezoni na mtaa wa Dar.

Kibaya zaidi ni kilichotokea kwenye mapato yenyewe. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa TRA (Mamlaka ya Mapato). Mwaka 2017 ukafuata ushuru wa mabango ya matangazo, na ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kumpunguzia mkulima ushuru ni haki. Lakini huwezi kuchukua vyanzo vya halmashauri kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono mwingine ukaiagiza ikopeshe zaidi. Asilimia 10 ya kitu kilichopungua nayo inapungua.

Mwisho wake tunaujua: marejesho yalikuwa mabovu, ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zikaonyesha vikundi hewa, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo ili ipangwe upya.

Korosho Safi

Mnajadili ahadi iliyotoka kwenye ilani, lakini kusini kipimo ni korosho. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinalipwa. Kisheria asilimia 65 ya makusanyo ilikuwa inarudi kwenye zao: salfa, miche, utafiti. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, yote yakaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga sana, hawakusikilizwa. Angalieni mwezi: Juni ndipo mkorosho unapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Ukikosa dawa wakati wa maua, hakuna cha kuokota Oktoba. Uzalishaji ulitoka zaidi ya tani 310,000 msimu wa 2017/18 ukashuka hadi takriban 225,000 msimu wa 2018/19.

Minada ya stakabadhi ghalani (mazao huwekwa ghalani, yakauzwa kwa mnada) ilipofunguliwa Oktoba, wakulima wakakataa bei ambazo hazikufika shilingi 3,000. Novemba Rais akaagiza Serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Nia ya kumlinda mkulima ilionekana, na wengi walishangilia. Ila hakukuwa na mnunuzi wa nje aliyeandaliwa, wala uwezo wa kubangua tani zote hizo nchini. Malipo yakakwama kwenye uhakiki wa kuwasaka kangomba, ambao hununua kwa mkulima mapema kwa bei ya kutupa. Wapo waliostahili kabisa lakini hawakuwa na karatasi za shamba. Korosho zikakaa maghalani, unyevu ukaingia, ubora ukashuka. Kuanzia Mtwara hadi Lindi hiyo ndiyo rekodi, hata kama bwawa litawasha taa nchi nzima.

Daftari la Mshahara

Kwa watumishi, fupi tu. Julai 2016 PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya daraja la chini ilishuka kutoka asilimia 11 hadi 9, kwa kipato cha kati ya shilingi 170,000 na 360,000. Unafuu wa juu kabisa ni shilingi 3,800 kwa mwezi. Baadaye makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15: mwenye mshahara wa 600,000 alitoka 48,000 akaenda 90,000. Nyongeza ya jumla ya mishahara haikutangazwa mpaka Mei 2022, chini ya Rais Samia.

Msomaji wa Ilani

Asanteni sana, wakuu. Bado swali langu la karatasi.

Bajeti Mezani

Vitabu vya makadirio huonyesha matumizi halisi ya miaka miwili nyuma. Kwa hiyo kujua kilichotoka 2016/17, usifungue kitabu cha mwaka huo, fungua cha 2018/19. Miradi ya maendeleo iko Juzuu ya Nne. Linganisha na ripoti ya CAG, ambayo humfikia Rais kabla ya Machi 31 na kuwasilishwa bungeni Aprili. Ukikuta fungu liliidhinishwa lakini safu ya matumizi ni sifuri, jibu unalo. Kisha Hansard (kumbukumbu za mijadala ya Bunge), utafute waziri alijibu nini.

Halmashauri Kwanza

Na ngazi ya chini: mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi lazima yasomwe. Omba daftari la fedha zilizopokelewa kutoka halmashauri tangu 2016 na muhtasari wa kikao kilichozipokea.