Yule "mtaalamu" wetu leo kaiita laptopu yangu DISKO mbele ya wateja

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, asinisahihishe mtu herufi.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi anakujibu kadi ya picha (graphics) ya laptopu yake ina memori kiasi gani. Leo kikaoni, bosi yupo, wateja wapo, nafungua laptopu niwaonyeshe mchoro wa mashine, kibodi ikawaka rangi zake. Mtu mzima akaegemea kiti: "Hii ni laptopu au disko?"

Disko!

Wateja wakacheka. Bosi akacheka. Hata projekta naona ilitikisika. Akaongezea, "Hiyo kadi ya gemu, watu wa kazi wanatumia Quadro." Quadro ipi wewe? Jina hilo la kadi za kazi, NVIDIA wenyewe wanaozitengeneza walianza kuliacha kwenye kadi mpya tangu 2020! Yake ni RTX 2000 Ada ya laptopu, yangu RTX 4060 ya laptopu. Chipu ileile ya AD107, kora 3072 kwa 3072, memori GB 8 kwa GB 8. Mapacha hao, mmoja kavalishwa tai. Siku tuliyoshindana kwenye Blender, ile programu ya picha za 3D, hakunipita hata kwa kope.

Tungekuwa wawili ningemeza. Lakini mbele ya wateja? Disko? Mmoja wakati wa kuaga kanishika mkono: "Haya DJ, tutawasiliana."

DJ!!!

Kobe_Mpole: Pole mkuu. Swali dogo tu, hizo rangi zinafuata mdundo au zinawaka zenyewe?

NatiNaBolti: Mtoa mada unaficha kitu. Mchoro ulikuwa kwenye SolidWorks, ile programu ya kuchora mashine? Wale wana orodha ya kadi walizozithibitisha, na GeForce, ukoo wa kadi za gemu wa hiyo RTX 4060 yako, haimo. Tai unayoicheka ndiyo hiyo, draiva (programu za kuiendesha kadi) zilizopimwa na wenye SolidWorks. Ilikwama, haikukwama?

Mtoa mada: Ilikwama kidogo. Mada siyo hiyo. Mada ni DISKO.

NatiNaBolti: "Ilikwama kidogo" 😂😂 Kumbe DJ alikata muziki katikati.

BintiWati: Mnagombania majina wakati RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 au 115, mtengenezaji anavyojisikia. Nilinunua nyembamba kama bahasha, kadi ni hiyohiyo ya mtoa mada, lakini inapumulia mrija. Kwenye boksi wati hazikuandikwa popote. Huo ndio uzi wa kufungua.

Mzee_wa_Feni: Afadhali bahasha. Yangu ni hiyo ya tai. Feni ikianza, watoto wanatoka mbio kuanua nguo wakidhani ni upepo wa mvua.

Kobe_Mpole: Kwa hiyo mmoja ana disko, mwingine ana kimbunga.

ChajaTofali: Feni tu mnalia? Chaja yangu juzi imeniangukia mguuni, ukucha umekwenda.

BintiWati: Ya wati ngapi hiyo?

ChajaTofali: 330.

BintiWati: Na ukiichomoa kadi inasinzia. Unabeba tofali kila mahali kama fundi ujenzi.

Mtoa mada: Jamani, mimi nimeitwa DJ mbele ya...

ChajaTofali: Subiri kwanza mkuu, tuko kwenye ukucha.

Mzee_wa_Feni: Umeota tena au bado?