Kwa nini wajenzi wa viwanja vya gofu Marekani walichelewa kuunda chama chao?

Mkadiriaji_Nairobi
Salamu wanajukwaa. Ninaandaa zabuni ya kukarabati uwanja wa gofu hapa Nairobi, na mteja anasisitiza kwamba mkandarasi awe mwanachama wa Golf Course Builders Association of America, chama chenye makao yake Lincoln, Nebraska. Kinachonitatiza ni kwamba chama hicho kilianza miaka ya 1970, ilhali shirikisho la gofu la huko, USGA, lipo tangu 1894. Wajenzi walikuwa wapi muda wote huo?

Mzee_wa_Nyasi
Walikuwepo, ndugu, ila hawakuhesabiwa kuwa wataalamu. Watunzaji wa viwanja waliungana mwaka wa 1926 mjini Toledo, Ohio, chini ya John Morley. Wasanifu walifuata mwaka wa 1947 kule Pinehurst, North Carolina, wakampa Donald Ross, mkongwe wao, urais wa heshima. Mjenzi aliweza kuwa mkandarasi yeyote wa barabara mwenye tingatinga, na mara nyingi msanifu alikuja na kikosi chake mwenyewe.

Mhandisi_Maji
Ningeongeza sababu ya kiufundi iliyofanya ujenzi uwe kazi ya wataalamu baadaye tu, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Mwaka wa 1960 USGA ilichapisha mwongozo wa kujenga grini, yaani eneo la nyasi fupi linalozunguka shimo: mabomba ya kutoa maji chini, kokoto takribani sentimita 10 juu yake, kisha mchanga maalumu wa sentimita 30. Maji huning'inia ndani ya mchanga huo juu ya kokoto, nyasi zikanywa, na yakizidi ndipo huteremka. Chembe za mchanga zikiwa ndogo mno, grini hugeuka tope; zikiwa kubwa mno, hukauka. Kazi hiyo haimvumilii dereva wa tingatinga aliyezoea kukadiria kwa macho, hasa huku kwetu ambako udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Mkadiriaji_Nairobi
Nashukuru. Je, uanachama pekee unatosha kama sharti?

Mzee_wa_Nyasi
Hautoshi. Chama kina utaratibu tofauti wa kuwathibitisha wajenzi, wenye mtihani na ukaguzi wa kazi walizokwisha kufanya. Mwombe mteja atenganishe mambo hayo mawili kwenye zabuni, na ripoti ya maabara ya mchanga idaiwe kabla lori la kwanza halijamwaga.