Milima ya jua kali, kwenda na kurudi siku moja: tupeane uzoefu

Kisoda
Wakuu, habari za jioni. Leo napanga kabati nikakutana na soksi nilizopandia Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini mwa Tanzania, miaka mitatu iliyopita. Zimefuliwa mara kumi na bado zina vumbi lile jeupe. Sasa ofisini wameniteua nipange safari tena mwezi ujao, watu saba, wanne hawajawahi kupanda hata kichuguu. Mliowahi kupanda milima ya ukame, ile isiyo na mti wala kijito, mwageni uzoefu. Maji mlibeba lita ngapi? Mlianza saa ngapi?

Mgosi
Lengai usinikumbushe. Nilishuka kwa makalio, suruali ikabaki huko.

Ngamia wa Isiolo
Sisi huku Kenya tuna Ololokwe, ukishapita Archer's Post kwa barabara ya Moyale unauona umekaa kama meza. Tulianza saa tatu asubuhi kwa sababu wenzangu walitaka chai na mandazi kwanza. Ikifika saa tano mawe yanachoma mpaka unaogopa kuyashika. Juu ni tambarare, kuna upepo, tumbusi wanaruka chini yako badala ya juu yako, unasahau taabu yote. Lakini saa ile ya mwisho kabla ya kufika nilimchukia kila aliyekunywa ile chai. Saa kumi na mbili asubuhi muwe njiani.

Mlinzi wa Getini
Lengai ukianza saa kumi na mbili asubuhi umejipangia matanga. Kule watu wanaondoka saa tano, saa sita usiku, na tochi za kichwani, jua linawakuta kileleni.

Ngamia wa Isiolo
Nimesema Ololokwe. Soma kwanza.

Mlinzi wa Getini
Nimesoma. Uzi ni wa Lengai.

Kisoda
Uzi ni wa milima yote ya ukame jamani.

Binti Maskati
Assalaam aleikum. Mimi niko Oman. Tulikwenda Jebel Shams mwezi wa Januari, njia ya W6, ile inayofuata ukingo wa korongo mpaka As Sab, kijiji walichokihama watu. Haina mwinuko mkali, lakini pembeni yako ni shimo tupu. Alama zake ni mistari mitatu kwenye mawe, manjano, nyeupe na nyekundu. Ukienda kitambo hujaiona, rudi. Kilichotuponza sisi ni mbuzi. Tuliweka mfuko chini tufunge kamba za viatu, mbuzi akatia kichwa, akaondoka na mikate. Tulitembea na njaa mpaka tuliporudi garini.

Mgosi
😂😂 Mbuzi naye kapanga safari yake.

Goti la Kushoto
Nilikuwa napita tu, ila habari ya maji imenigusa. Nilipanda Lengai na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na jamaa wengine wawili. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alituambia jioni pale Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, kila mtu lita nne, na kileleni msikae sana. Shem akabeba chupa mbili za lita moja na nusu. Anasema katoka Singida, jua analijua.

Kupanda hakukuwa na shida, gizani huoni ulipo, unaona visigino vya aliye mbele basi. Huko juu majivu yameganda kama saruji, unatumia mpaka mikono. Kumekucha tuko kileleni, mita 2,962, Ziwa Natron linang'aa kule chini. Tukapiga picha mpaka saa mbili. Hapo ndipo tulipojimaliza.

Saa nne hata nusu ya kushuka hatujafika, magoti yanatetemeka, na mlima mzima hauna kivuli cha kumtosha kuku. Shem maji yakamwishia. Kila hatua kumi anauliza "bado?", halafu akanyamaza. Kugeuka, namkuta kakaa anafungua kamba za viatu. Namuuliza vipi, ananijibu, "Si tumefika? Niingie ndani na vumbi hivi?" Nikamshika mkono. Mkavu, wa moto kama pasi, jasho hakuna.

Yule kijana akavua shuka lake, akalifunga kwenye fimbo zetu likawa kivuli, akammwagia shingoni maji yake yote, halafu akakimbia garini kufuata mengine. Akakimbia kweli, mteremko uleule tunaoshuka kwa makalio.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kwenye begi langu, chini ya sweta, kulikuwa na chupa ya nusu lita haijafunguliwa. Shem aliponiuliza kama nimebakiza, nilisema hapana. Hata kijana alipomwaga yake, nilinyamaza. Dakika ishirini hivi. Ndipo nikajifanya natafuta kofia, nikaitoa, nikasema "aah, kumbe!" Shem alipona. Mpaka leo ananiita mwokozi wake mbele ya wakwe.

Mama Kibuyu
Dakika ishirini! Na usiku unalala?

Mgosi
Mwacheni. Kiu haijawakuta nyie.

Nesi wa Zamu
Mtu akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, hiyo si kiu ya kawaida, ni hatari. Kivuli, mpunguzie nguo, maji shingoni na kwapani, mpepee, afike hospitali haraka. Asiyejitambua msimmiminie maji mdomoni, yatampalia.

Dogo Janja wa Kibo
Mpeni soda ya baridi, sukari inamzindua.

Nesi wa Zamu
Soda ya baridi unaipata duka gani Lengai?

Mzee Kobazi
Mimi ndimu na chumvi mfukoni, lita mbili zinanitosha.

Mama Kibuyu
Mzee, lita mbili mimi namaliza kabla ya kuanza kupanda.

Kisoda
Basi naandika nne kila mtu. Na viatu?

Ngamia wa Isiolo
Vya kufunika kifundo, tena viwe vimeshakuzoea. Si vipya vya dukani.

Mlinzi wa Getini
Hapo nakubaliana na Ngamia. @Goti, huyo shem hayumo humu?

Goti la Kushoto
Yumo. Ndiyo maana nimefungua akaunti mpya.

Kisoda
Goti, nafasi moja ipo mwezi ujao, karibu. Ila begi lako tutalikagua.