Tupeane uzoefu: joto la oili ya injini linapanda na kushuka, tuanzie wapi kulitafuta?

Mwana Chumbageni

Waungwana wa Tanga, uzi huu ni wa joto la oili linalocheza. Tuweke humu yale tunayoyajua kwa kazi: dalili, kipimo, chanzo, tiba. Ukiandika, taja injini, taja barabara, na useme mshale unakwendaje. "Inapanda inashuka" peke yake haimsaidii fundi yeyote.

La kwanza kabisa: geji ya joto iliyomo kwenye Toyota ndogo nyingi tunazoendesha hapa mjini ni ya maji, si ya oili. Gari nyingi za Kijerumani na baadhi ya Subaru huonyesha joto la oili kwenye skrini. Nyingine zinalionyesha ilhali hazina sensa yake. Kompyuta inakadiria kutokana na maji, resi na mzigo. Na wapo waliofunga geji ya pembeni. Hakikisha kwanza wewe uko kundi gani, maana mtu anaweza kubadilisha oili mara mbili kwa tatizo la maji.

Viwango vya kushika: oili iliyokwisha pata moto hukaa nyuzi 90 hadi 110. Mlimani na mzigo, 120 kwa muda si ajabu. Ikivuka 130 punguza mwendo na utafute sababu. Tena, maji hupata moto ndani ya dakika 5 hadi 10 lakini oili huchukua 15 hadi 20, kwa hiyo usiihukumu kabla ya nusu saa ya barabara.

Bi Umeme wa Gari

Kabla hujagusa spana, jibu hili: mshale unaruka au unatambaa?

Lita 4 za oili ndani ya chuma cha moto haziwezi kupoteza nyuzi 30 kwa sekunde moja. Ukiona 95, mara 62, mara 110, hiyo si oili, ni umeme. Na huku kwetu pwani chanzo aghlabu ni kimoja. Chomoa plagi ya sensa, iinamishe kwenye mwanga, utaona unga wa kijani umeshika pini, na wakati mwingine umeingia ndani ya waya chini ya ngozi yake. Chumvi ya baharini hiyo. Waya ulioliwa hivyo ukiukunja hauna ugumu wa shaba tena, unakunjika kama uzi. Pini peke yake husafishika kwa spray ya kusafishia umeme na brashi ndogo, kisha unapaka grisi ya umeme. Waya ulioliwa haurudi: kata mpaka ufike shaba nyekundu, unga kipande kipya.

Vipimo, kwa mpangilio:

Washa injini, shika waya wa sensa na uutikise taratibu huku mwenzako anatazama namba. Ikiruka, umeshapata mahali.

Zima injini, washa swichi, chomoa plagi. Kwenye sensa ya pini mbili inayosomwa na kompyuta, mashine ya kusomea kompyuta ya gari ionyeshe chini kabisa, kawaida −40. Sasa unganisha matundu mawili ya upande wa waya kwa kipande cha waya: namba ipande hadi juu kabisa. Ikifanya vyote viwili, waya na kompyuta ni wazima na kosa liko kwenye sensa. Isipofanya, usinunue sensa. Kodi za hitilafu za sakiti hii, zinazoonekana kwenye mashine, ni P0195 mpaka P0199, na P0199 hasa inasema mawasiliano yanakatika na kurudi.

Sensa yenyewe: ifungue, itundike kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, pima omu (ukinzani wa umeme) wakati maji yanapata moto. Nyingi huwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 na hushuka hadi 200–400 kwenye nyuzi 80. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, lakini kushuka lazima kuwe laini. Ikipanda katikati ya safari ya kushuka, itupe.

Geji za pembeni zenye sensa ya waya mmoja zina ugonjwa wao. Sensa hiyo hupata hasi kupitia nyuzi zake za kufungia (za skrubu) kwenye chuma. Fundi akizungushia tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje, ameikata hasi. Mshale utacheza kila feni ikiwaka au taa zikiwashwa. Toa tepu, paka gundi kidogo ya nyuzi kwenye nyuzi za juu tu, halafu pima volti kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri, injini ikiwaka na taa kubwa ziko wazi. Isizidi volti 0.1. Ikizidi, vuta waya wa hasi kutoka injini hadi bodi.

Spana 14

Dada kasema kweli, ila mita isitangulie kijiti cha kupimia oili. Egesha pasipo mwinamo, zima, subiri dakika 10, chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi ni kama lita 1. Kwa injini ya Toyota 1NZ inayobeba lita 3.7 pamoja na filta, kukosa lita moja ni kukosa zaidi ya robo: oili iliyobaki inazunguka bila kupumzika kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kwenye kona pampu inavuta hewa. Kuzidisha nako ni kosa, krenki inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halibebi joto. Ikinuka petroli, shughulika na nozeli na plagi za moto. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Kuna maji ndani.

Njia ya Mombo

Anayepanda Mombo kwenda Lushoto aelewe hivi: gia ndogo, resi nyingi, upepo kidogo mbele ya rejeta. Oili itatambaa kutoka 98 hadi 115, hata 120, na ukifika juu itashuka polepole. Huo si ugonjwa. Tazama oili na maji kwa pamoja, hapo ndipo penye habari.

Oili inapanda, maji yametulia: nenda kwenye kipozeo cha oili. Kuna kinachokaa kati ya filta na bloku na kupozwa na maji, na kuna cha upepo kilichofungwa mbele. Cha maji huziba kwa matope ya oili iliyopitiliza muda, au kwa kutu upande wa maji. Cha upepo huziba mapezi kwa vumbi na manyasi. Kioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha kubwa inalaza mapezi.

Oili na maji vinapanda pamoja: mfumo wa maji. Angalia mfuniko wa rejeta, umeandikwa presha yake, 0.9 au 1.1. Mfuniko mzima wa 0.9 unazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Raba yake ikifa, hapa usawa wa bahari yanachemka kwenye 100. Kisha wota pampu, feni, na hewa iliyonaswa.

Oili inashuka hadi 70 ukikimbia, ukisimama kwenye foleni inapanda: kitu fulani kimebaki wazi. Ni themostati (vali inayofunguka kwa joto) ya kipozeo cha oili au ile ya maji. Au hakuna kabisa.

Spana 14

Hapo kwenye "hakuna kabisa" naomba mnisikilize. Tabia ya kutoa themostati ati kwa kuwa Tanga kuna joto inaua injini zetu. Maji yanapita muda wote, ukikimbia injini inabaki 65 au 70, oili haifiki mahali pa kukausha unyevu, na namba inafuata mwendo wa gari badala ya kutulia. Mbaya zaidi, injini ambazo themostati ina kisahani cha pili upande wa chini, ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani itachemsha.

Ipime badala ya kuitupa. Sufuria, maji, kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na hapo, na kwenye 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiipoza ijifunge pasibaki mwanga. Unapoirudisha, kile kitundu chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa itoke. Na mfumo ujazwe kulanti, maji maalumu ya rejeta. Maji ya kisima yanaacha magamba.

Mgeni wa Pongwe

Oili nzito 20W-50 haipunguzi joto?

Njia ya Mombo

Hapana, mkuu. Ikiwa injini yako imeandikiwa 5W-30, oili nzito inasuguana yenyewe na kuzalisha joto zaidi, na asubuhi ikiwa nzito vali ya filta inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Fuata kitabu cha gari. Injini nyingi kitabu kinaruhusu zaidi ya unene mmoja kwa nchi za joto; chagua ndani ya hiyo orodha.

Mwana Chumbageni

Niongeze kipimo cha barabarani. Toka mjini, pita Pongwe, nenda Muheza kwa mwendo usiobadilika, msaidizi aandike oili, maji na mwendo kila dakika 5. Ukifika, iache inawaka ukiwa umesimama dakika 10. Hapo maji kucheza nyuzi 8 au 10 ni feni kuwaka na kuzima, kawaida. Oili kucheza hivyo hivyo kwa kasi hiyo hiyo si kawaida, rudi kwa Bi Umeme.

Kuthibitisha geji tumia bunduki ya kupimia joto, ila usiilenge aluminiamu inayong'aa, itakudanganya kwa namba ndogo. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye sampu, pima juu ya tepu kwa karibu. Nje ya sampu hupungua nyuzi kadhaa kuliko oili ya ndani. Unachotafuta ni kama namba mbili zinapanda na kushuka pamoja. Tepu ikibaki palepale na mshale unacheza, mshale ndiyo mgonjwa.

Baada ya tiba rudia njia ile ile, saa ile ile, mzigo ule ule. Na taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka wakati joto liko juu, simama na zima papo hapo. Usiifikishe gereji kwa kuiendesha.