Vihisi vya unyevu shambani vinapoteza vipimo: je, niongeze idadi?

Mkulima_Uyole: Wanajamvi, naomba ushauri. Katika shamba letu la mahindi tuna vihisi 14 vya unyevu wa udongo, vinavyotuma vipimo kila baada ya dakika 5 kwa masafa ya gigahezi 2.4, kila kimoja kikipitisha pia ujumbe wa vingine hadi kwenye kipokezi kikuu kilichopo ofisini. Mahindi yalipokuwa yanafika magotini, vipimo vyote vilifika. Tangu yatoe mbelewele, karibu theluthi moja hupotea, na vihisi viwili vilivyo karibu na ofisi vimeishiwa betri mapema kuliko vingine. Je, niongeze vihisi?

Fundi_Mawimbi: Ndugu, usiongeze kwanza. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hufyonza sana mawimbi ya masafa hayo, kwa hiyo pandisha antena juu ya mahindi kwa nguzo, kihisi chenyewe kibaki ardhini. Hivyo viwili vinakufa mapema kwa sababu vimebeba ujumbe wa wenzao 12 pamoja na wao wenyewe. Vipatie paneli ndogo za sola. Halafu, dakika 5 za nini? Udongo haukauki kwa kasi hiyo. Ukituma kila nusu saa, umepunguza utumaji mara 6.

Bi_Takwimu: Nakubaliana na Fundi, ila antena haitibu kila kitu. Kipimo kupotea njiani ni jambo moja, na mtandao mzima kutokuwepo ni jambo jingine. Mtandao unaopatikana kwa asilimia 99 huzimika takribani saa 87 kwa mwaka: zikigawanyika katika dakika chache chache hutaziona, lakini zikiangukia mfululizo wakati wa kumwagilia, utaumia. Je, umeme wa ofisini ukikatika, kipokezi kikuu kinaendelea kufanya kazi? Kama hakiendelei, hata vihisi 100 vitanyamaza pamoja. Kiwekee betri ya akiba, na kila kihisi kihifadhi vipimo vyake pamoja na saa vilipochukuliwa hadi kithibitishiwe kuwa vimepokelewa.

Mkulima_Uyole: Ahsanteni. Nimelinganisha pengo la vipimo na daftari la mlinzi, na mapengo marefu yote yanaangukia saa za kukatika umeme. Yale mafupi yaliyotawanyika ndiyo naona ni ya mahindi. Nitaanza na betri ya kipokezi, kisha nguzo.