Wana wa Bibi: chaja ya keekee imegoma

IJUMAA

[18:42] Idi: Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, shikamoo Mamdogo. Mjomba upo? Chaja ya keekee, ile mashine ya kutoboa matundu, inanisumbua. Taa inawaka, inazima, inawaka tena. Nikiushika waya hivi kwa pembeni inatulia, nikiuachia tu imezima.

[18:43] Mamdogo Zawadi: Marahaba. Nunua nyingine.

[18:44] Bibi: Marahaba baba. Na rafu yangu?

[18:44] Idi: Ndiyo hiyo Bibi, betri zote mbili zimekwisha.

[18:51] Mjomba Salum: Marahaba. Zawadi, chaja hiyo haijafa, ina kigugumizi tu. Idi, acha kuushikashika waya. Kila ukiuchezea zinaruka cheche mle ndani, huzioni, na ndizo zinazochoma. Toa betri kwenye chaja. Chomoa adapta ukutani. Kisha gusa kichwa cha plagi, ile nyembamba inayoingia kwenye chaja. Kina joto?

[18:53] Idi: Kinaunguza! Wala sikuwahi kukigusa.

[18:54] Idi: 📷 Picha
Na ndani ya tundu plastiki imekuwa ya kahawia, kuzunguka kile kijiti cha katikati.

[18:58] Mjomba Salum: Nusu ya kazi imeisha hapo. Joto linakuja pale chuma na chuma visipokumbatiana vizuri. Piga hesabu: chaja ikivuta ampea 3, na kwenye mgusano pana ukinzani wa nusu omu tu, ni 3 mara 3 mara 0.5. Wati 4.5. Ni sawa na balbu ndogo ya LED, ila hizi zimefungiwa kwenye kitu kisichozidi ncha ya kidole. Hazina pa kwenda.

[18:59] Kheri: Omu ndiyo nini?

[18:59] Mjomba Salum: Kipimo cha ukinzani. Siku hiyo ulikuwa unachungulia dirishani.

[19:02] Mamdogo Zawadi: Kama tatizo ni kulegea, si mtie kipande cha foili kibane?

[19:03] Mjomba Salum: ZAWADI

[19:03] Mjomba Salum: Kijiti cha katikati ni chanya, bati la pembeni ni hasi. Foili ikivigusa vyote viwili ni shoti papo hapo. Usimfundishe mtoto hayo.

[19:04] Idi: Mjomba, mtoto ana miaka 27.

[19:05] Mjomba Salum: Haya mtoto, una mita ya kupimia umeme?

[19:05] Idi: Ninayo.

[19:09] Mjomba Salum: Kabla hujafungua kitu tujue mgonjwa ni nani. Wanaweza kuwa watatu: waya kukatika kwa ndani pale unapoingia kwenye plagi, plagi yenyewe, au soketi ya chaja, yaani tundu inamoingia plagi. Rudisha umeme na betri kwa dakika moja tu. Bana plagi na chaja kwa mkono mmoja visitikisike kabisa, halafu pindapinda waya peke yake. Kisha fanya kinyume: waya utulie, tikisa plagi kidogo.

[19:16] Idi: Waya nikiupinda, taa haishtuki. Plagi nikiigusa tu inapepesa kama mtu mwenye usingizi.

[19:17] Mjomba Salum: Waya mzima basi. Chomoa. Plagi ikiwa nje, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, nyeusi kwenye bati la nje. Taratibu, ncha isiguse pande zote mbili kwa pamoja.

[19:20] Idi: 19.4

[19:20] Mjomba Salum: Bila alama ya kutoa?

[19:21] Idi: Bila.

[19:23] Mjomba Salum: Chanya katikati, sawa. Ila 19 mbona kubwa? Nikumbukavyo, chaja hiyo ilikuja na adapta ya volti 12. Soma kibandiko cha chaja, kisha cha adapta.

[19:26] Idi: Chaja: DC 12–24V, wati 50. Adapta: 19V, 3.42A. Mjomba, hii ni adapta ya kompyuta mpakato.

[19:27] Mjomba Salum: Ya nani?

[19:41] Mjomba Salum: Nimeuliza ya nani. Naona mmesoma wote.

[19:44] Kheri: Ya kompyuta yangu ya zamani ile iliyokufa. Sikuiona adapta ya chaja, nikajaribu hii, ikaingia. Ikafanya kazi!

[19:47] Mjomba Salum: Una bahati chaja inapokea mpaka 24. Ingekuwa imeandikwa 12 peke yake, leo tungekuwa kwenye msiba. Kuingia si kufaa, Kheri. Plagi hizi za duara kwa nje ni pacha, nyingi milimita 5.5. Tofauti iko ndani: kuna za kijiti cha 2.1 na za kijiti cha 2.5. Plagi ya 2.1 kwenye kijiti cha 2.5 haiingii, utajua mara moja. Lakini ya 2.5 kwenye kijiti cha 2.1 inaingia vizuri kabisa, ikiwa inapwaya ndani. Inagusa upande mmoja, inaachia, inagusa. Hapo ndipo cheche zilipotoka.

[19:49] Idi: Nitapimaje sasa? Rula haioni sehemu ya kumi ya milimita.

[19:51] Mjomba Salum: Una keekee huna biti, vile vyuma vya kutobolea? Adapta ikiwa imechomolewa ukutani, na usubiri taa yake izime, chukua biti ya 2.5 uingize upande wa shina lake laini kwenye tundu la plagi. Usilazimishe.

[19:55] Idi: Imezama mpaka mwisho.

[19:55] Mjomba Salum: Plagi ni 2.5. Soketi ya chaja nina hakika ni 2.1. Kesi imekwisha.

[19:56] Rehema: Pole Kheri 😂

[19:58] Mjomba Salum: Kesi moja. Bado haijulikani adapta ya asili ilikwenda wapi.

[20:15] Bibi: Rehema, zile taa zako za utepe nyuma ya kabati la televisheni zinawashwa na nini?

[20:16] Rehema: Bibi jamani

[20:16] Kheri: 😂😂😂😂

[20:18] Rehema: Ilikuwa imekaa tu droo! Volti 12, ampea 5, ikaingia kwenye taa vizuri. Na yenyewe haipwayi.

[20:19] Mamdogo Zawadi: Mama anaona kila kitu, hata nyuma ya kabati.

JUMAMOSI

[09:10] Idi: Shikamooni. Nimefungua chaja, skrubu nne. Betri imetoka, umeme umetoka. Soketi haijakaa kwenye bodi ya saketi, imefungwa ukutani mwa kasha kwa nati, na nyaya mbili ndizo zinazokwenda kwenye bodi. 📷 Picha

[09:14] Mjomba Salum: Marahaba. Hiyo nyepesi. Ingekuwa ya kwenye bodi ungenyonya risasi ya kulehemu kwenye miguu yote mitatu bila kung'oa njia za shaba, na mkono wako bado. Piga picha nyingine karibu kabla hujagusa, ionyeshe waya upi uko mguu upi. Usiamini rangi peke yake, nimeona viwanda vikiweka nyeusi kwenye chanya.

[09:15] Mamdogo Zawadi: Kaka, hiyo chaja haitampiga umeme?

[09:18] Mjomba Salum: Chaja hii hapana, umeme wa ukutani unaishia kwenye adapta, ndani ya chaja zinafika volti 19 basi. Adapta ndiyo isifunguliwe. Mle kuna kapasita inayoshika volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomolewa. Na kwa chaja zile zenye waya wa ukutani unaoingia moja kwa moja, nisingemwelekeza mtu kwa simu.

[09:30] Idi: Nina pakiti ya soketi mchanganyiko, hazina maandishi. Ninazo za aina zote mbili nadhani. Niweke ipi?

[09:33] Mjomba Salum: Ifuate adapta utakayoitumia. Ukibaki na ya Kheri, weka 2.5. Rehema akirudisha ile ya asili, weka 2.1.

[09:34] Rehema: Utepe nimeubandika, na waya umepita nyuma ya kabati lote. Nawaombeni.

[09:36] Mjomba Salum: Chaja ya wati 50 kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 4. Kwa 19 inavuta chini ya 3, na soketi hizi nyingi mwisho wake ni ampea 5. Kwa hiyo ya Kheri kwa kweli inaipumzisha soketi. Rehema umepona. Idi, weka 2.5. Ijaribu kwa plagi: ikiingia kwa kubana kidogo na isicheze pembeni, ndiyo.

[09:37] Kheri: Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

[09:37] Mjomba Salum: Hukuwa sahihi, umebahatika mara mbili. Idi, plagi yenyewe ikoje? Safisha kwa spiriti kwanza, kisha iangalie kwa tochi.

[09:42] Idi: Ilikuwa na weusi kidogo, umetoka. Plastiki haijayeyuka.

[09:43] Mjomba Salum: Iache. Ingekuwa imeyeyuka tungeikata na kuweka mpya, la sivyo ingeiambukiza soketi mpya ndani ya mwezi.

[09:46] 🎤 Mjomba Salum, ujumbe wa sauti, 1:12
(Kheri ameandika kwa ajili ya Bibi asiyesikia vizuri: "Chuma cha kulehemu kiwe kama nyuzi 350. Risasi ya 63 kwa 37, yaani bati 63 na risasi yenyewe 37 kwa mia, inayeyuka kwa 183, lakini mguu wa soketi unameza joto, ndiyo maana unahitaji zaidi. Pasha mguu na waya pamoja, kisha peleka risasi kwenye mguu, si kwenye chuma. Sekunde tatu, toa. Ukikawia plastiki inalainika na kijiti kinapinda. Mimi huwa nachomeka plagi kwenye soketi wakati nalehemu, plagi tupu isiyo na umeme, inashikilia kijiti kikae katikati. Na neli ya kusinyaa, ile ya kufunikia kiungo, ipite kwenye waya KABLA. Kabla, Idi.")

[10:21] Idi: Nimemaliza, risasi imekaa vizuri inang'aa. Neli nilikumbuka.

[10:22] Mjomba Salum: Nati je?

[10:24] Idi: Nati gani

[10:24] Idi: Ah.

[10:25] Mjomba Salum: Inapita kwenye nyaya kwa ndani, kabla ya kulehemu. Usijali, mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo zaidi ya mara moja na sikuwaambia wateja.

[10:52] Idi: Nimerudia. Nati ipo, imekazwa. Nimepima mwendelezo, yaani kama umeme unapita: kijiti mpaka waya mwekundu, mita inalia. Bati la nje mpaka mweusi, inalia. Kati ya mwekundu na mweusi, kimya. Naomba ruhusa ya kuwasha.

[10:53] Mjomba Salum: Bila betri kwanza.

[10:56] Idi: Haiwaki. Hata kupepesa hakuna. Tulikotoka kulikuwa na nafuu 😩

[10:57] Mamdogo Zawadi: Nilisema nunua nyingine.

[10:59] Mjomba Salum: Tulia. Soketi ina miguu mingapi?

[10:59] Idi: Mitatu. Wa kijiti ni ule wa nyuma. Kwa hasi nilichagua mmoja kati ya ile miwili iliyobaki, si yote inalia?

[11:03] Mjomba Salum: Inalia plagi ikiwa nje! Mguu wa tatu ni swichi. Soketi ikiwa tupu, unalala juu ya bati la hasi, ndiyo maana mita ilikudanganya. Plagi ikiingia inausukuma, unaachana na hasi. Upo kwa ajili ya vifaa vyenye betri ndani, vijitoe kwenye betri ukichomeka adapta. Wewe umelehemu kwenye huo. Chomoa adapta ukutani, iache plagi ndani ya soketi, pima tena: utaona mguu wako uko kimya na wa jirani unalia. Hamishia waya huko.

[11:08] Idi: Kweli kabisa. Kimya! Nilikuwa nimeukataa mguu wenye haki.

[11:09] Bibi: Kijana mwenyewe huyo.

[11:31] Idi: IMEWAKA. Bila betri, taa ya kijani imetulia. Nimetikisa plagi, nimevuta, nimepinda. Haipepesi.

[11:33] Mjomba Salum: Funga kasha, nyaya zisibanwe na skrubu. Weka betri, kaa nayo nusu saa, usiondoke chumbani. Kisha gusa tena pale ulipoungua jana.

[12:06] Idi: Dakika 30. Ina uvuguvugu kidogo, kama kikombe kilichosahaulika. Kabla sijafunga kasha nilipima kwenye miguu ya soketi ikiwa inachaji, 19.2, haitikisiki.

[12:08] Mjomba Salum: Imepotea 0.2 tu, vizuri. Bandika karatasi kwenye chaja: 19V, 5.5 × 2.5. Na nyingine kama hiyo kwenye adapta, kwa faida ya Kheri.

[12:09] Kheri: Nimesikia.

[12:10] Mjomba Salum: Na Rehema.

[12:10] Rehema: Mimi nimefanya nini tena??

[12:31] Bibi: Idi, hiyo betri imefika ngapi?

[12:31] Idi: Taa mbili kati ya nne Bibi.

[12:32] Bibi: Rafu ni matundu manne. Njoo nazo hizo mbili.