Gesi ya nusukaputi inapotea hewani: tushushe hadi lita ngapi?

Sindano_Kisumu: Wakuu, mashine yetu ya usingizi ni ya mzunguko (mgonjwa huvuta tena hewa aliyotoa), ina soda laimu, punje zinazonyonya kaboni dioksaidi. Tunaweka dawa ya usingizi ya kuvuta, isoflureni, asilimia 1.2, oksijeni lita 5 kwa dakika mwanzo hadi mwisho, na mabaki yote yanatokea dirishani. Nikishusha hadi lita 1 nitaharibu nini? Na naitrasi oksaidi, ile gesi nyingine ya usingizi, je?

Usingizi_Nakuru: Piga hesabu: mililita za dawa kwa saa ni takriban 3 × lita kwa dakika × asilimia. Sasa hivi unachoma 18. Kwa lita 1 ni 3.6, au zaidi kidogo maana utapandisha vepolaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke). Na isoflureni hupasha dunia joto takriban mara 500 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito uleule.

Anza na lita 5 kwa dakika 8 hadi 10 naitrojeni itoke mapafuni na kwenye mzunguko, ndipo ushushe. Ukitaka usingizi uzame haraka, rudisha lita 4 kwa muda. Kugeuza vepolaiza pekee kutakuchelewesha. Unapoingiza tyubu ya koo, funga gesi mpya inayoingia kwenye mzunguko, vepolaiza iache ilivyo. Wengi hufanya kinyume!

Fundi_Kakamega: Kabla ya hayo, tafuta uvujaji. Ziba kwa kidole kiungo cha Y cha upande wa mgonjwa, funga vali ya kutolea gesi, jaza hadi shinikizo la sentimita 30 za maji. Ikidai gesi zaidi ya mililita 150 kwa dakika kubaki hapo, fungua chombo cha soda laimu: mara nyingi ni punje iliyokaa juu ya raba ya kuzibia.

Usiamini rangi ya zambarau inayoonyesha soda laimu imechoka, hufifia usiku soda laimu ikipumzika. Badilisha soda laimu pale kaboni dioksaidi anayovuta mgonjwa inapopita mmHg 5 (milimita 5 za zebaki). Oksijeni ikiachwa wazi wikendi nzima, soda laimu hukauka na isoflureni huzaa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Kama huna kipimo cha oksijeni ndani ya mzunguko, usishushe kabisa.

Usingizi_Nakuru: Naitrasi achana nayo. Hukaa angani zaidi ya miaka 100, na ile ya mabomba ya ukutani huvuja hata thieta (chumba cha upasuaji) ikiwa tupu. Ukiihitaji, mtungi mdogo nyuma ya mashine, ufungwe ukimaliza. Upasuaji wa uzazi na wa miguu, jaribu kwanza ganzi ya sindano ya mgongo.

Sindano_Kisumu: Asanteni. Oksijeni yetu ni ya konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani), kuna shida?

Fundi_Kakamega: Hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, na gesi ya arigoni iliyobaki hujikusanya kwenye mzunguko. Oksijeni anayovuta mgonjwa ikikaribia asilimia 30, fungua lita 5 kwa dakika chache, kisha shusha tena.